Mama Alilipa Kodi, Kura Ilikuwa ya Baba



Mwezi uliopita tulipata barua kutoka Ngungu. Mwenye kuiandika ni msichana, jina lake ninaliweka. Anaeleza kwamba siku moja, nyuma ya mkutano wa vijana, mabishano yalizuka juu ya wanawake na siasa. Kijana mmoja mwanaume akasimama, akasema: "Ninyi banamuke, kura mulipewa bure. Kule Bulaya banamuke bazungu balipigana, balifungwa, bengine balikufa. Ninyi hamukufanya kitu. Mulipewa tu, sawa mutoto anapewa sukari." Watu walicheka. Binti yetu alinyamaza, si kwa haya, ila kwa kuwa hakujua kama ni kweli au ni uongo. Sasa anauliza: "Je, ni kweli tulipewa bure? Na hao wa Bulaya walipigana namna gani?"

Barua ilikuwa ya nusu ukurasa, lakini ilinikosesha usingizi. Binti yangu, kijana yule alisema nusu ya kweli. Nusu ya kweli ni ngumu kuijibu kuliko uongo mzima, ndiyo maana ulinyamaza. Tuanze na hao wa Bulaya, kiisha turudi kwetu.

Uingereza ya miaka ile ilikuwa nchi ya viwanda na ya machimbo ya makaa. Mji wa Manchester ulikuwa mji wa pamba, na katika viwanda vyake wanawake walifanya kazi kwa maelfu. Mfanyakazi mmoja wa viwanda vya pamba vya karibu na huko aliitwa Annie Kenney. Aliingia kiwandani akiwa na miaka 10, nusu siku kazini, nusu siku shuleni, na mashine ilimkata kidole kimoja. Ninyi watoto wa machimbo hamhitaji kuelezwa maisha ya namna hiyo. Mwaka wa 1903, mulemule Manchester, mjane mmoja, Emmeline Pankhurst, alianzisha chama cha wanawake pamoja na mabinti zake. Hakikuwa chama cha kwanza. Kabla yake kulikuwa wanawake wengi, kama Millicent Fawcett, waliodai kura kwa barua, kwa mikutano na kwa sahihi za watu, miaka na miaka, kwa adabu yote. Bunge lilipokea barua, likasema asante, likaweka barua kabatini. Bi Pankhurst akasema maneno yametosha, sasa ni matendo.

Tarehe 13 mwezi wa kumi 1905, Annie Kenney na Christabel, binti ya Bi Pankhurst, waliingia katika mkutano mkubwa wa chama cha Liberali, mulemule Manchester. Wanaume waliuliza maswali yao, wakajibiwa. Annie akasimama akauliza: je, serikali yenu mkiipata, mtawapa wanawake kura? Hakuna aliyemjibu. Akauliza tena. Wakatolewa nje kwa nguvu. Huko nje Christabel, binti ya watu aliyesoma sheria, akamtemea polisi mate ili akamatwe. (Vijana, hapo musimuige.) Waliambiwa walipe faini au waende gerezani, wakachagua gereza: Christabel siku saba, Annie siku tatu. Kesho yake nchi nzima ilikuwa ikiongea juu ya kura ya wanawake. Barua za miaka mingi hazikuweza kufanya hivyo.

Ninataka mshike vizuri jambo moja katika habari hii, kwa sababu litatuvusha mpaka Kongo. Ni jambo la kodi.

Mwaka wa 1906, katika mtaa wa Hammersmith kule London, aliishi mjane aliyeitwa Dora Montefiore. Kila mwaka mtu wa kodi alipiga hodi kwake sawa anavyopiga kwa mwanaume, na hakumwambia hata siku moja, "wewe mwanamke, pita." Lakini siku ya kura ikifika ndipo aliambiwa: wewe mwanamke, pita. Basi akafunga mlango wa nyumba, akasema sitoi kodi kwa serikali ambayo sikuulizwa. Watu wa serikali walizunguka nyumba yake majuma sita. Yeye alisimama kwenye dirisha la juu na kuwahubiria wapita njia. Mwishowe walivunja, wakachukua vyombo vyake na kuviuza mnadani. Miaka mitatu nyuma yake, mwaka wa 1909, wanawake waliunda chama kizima kwa neno hilo moja: bila kura, hakuna kodi.

Kiisha wakaenda mbali zaidi. Mwaka wa 1911 serikali ilitaka kuhesabu watu wote wa nchi. Wanawake hao wakasema: kama hatuhesabiwi siku ya kura, basi msituhesabu leo. Wengine walilala nje usiku ule, wengine walitembea mpaka asubuhi ili wasikutwe nyumbani. Mmoja, Emily Wilding Davison, alijificha usiku kucha ndani ya kabati, katika jengo lenyewe la Bunge, ili siku ya hesabu makao yake yawe Bungeni, mahali asiporuhusiwa kukaa. Alikutwa asubuhi, na kumbe walimwandika! Mimi hucheka kila ninapoikumbuka habari hiyo, lakini ni kicheko chenye uchungu.

Gereza ndilo lililobadilisha mambo kuwa makali. Mwezi wa saba 1909, mfungwa mmoja, Marion Wallace Dunlop, alikataa kula. Akakaa saa 91 bila chakula, wakamwachilia kwa kuogopa atakufa mikononi mwao. Wengine wakafuata njia hiyo. Ndipo serikali ikaanza kuwalisha kwa nguvu: walinzi wanamshika mwanamke mikono na miguu, daktari anasukuma mpira puani au kooni mpaka tumboni, wanamimina chakula. Wengine walitendewa hivyo mara nyingi, wakaharibika afya. Mwaka wa 1913 watu walipopiga kelele, Bunge likatunga sheria ya ajabu: mwenye kukataa kula anafunguliwa akidhoofika, aende nyumbani ale, na akipata nguvu anakamatwa tena. Watu wakaiita sheria ya paka na panya. Kwa jumla, zaidi ya wanawake elfu moja waliingia gerezani kwa ajili ya kura.

Na wao pia walitenda makali. Mwezi wa tatu 1912 walitembea katika barabara za maduka ya London, nyundo zikiwa zimefichwa katika nguo, wakavunja vioo duka kwa duka. Mwaka wa 1913 na 1914 walichoma nyumba zilizokuwa tupu, walitia moto katika masanduku ya posta, waliweka mabomu, hata katika makanisa. Tarehe 4 mwezi wa sita 1913 yule Emily wa kabatini aliingia katikati ya mashindano ya farasi huko Epsom, akagongwa na farasi wa mfalme, akafa siku nne baadaye.

Hapa nitasimama kidogo. Ninajua mtu anayesoma habari hii akiwa Masisi anaisoma kwa macho mengine kuliko mtu wa London. Kwetu tumeona nyumba zikichomwa, na hazikuwa tupu. Kijana anayesema "wale walipigana, tazama walivyopata" afikiri vizuri anasifu nini. Walichokifanya kwa miili yao wenyewe, kukaa na njaa, kulala gerezani, kunyang'anywa vyombo, ninakiheshimu kabisa. Moto na mabomu siwezi kuvisifu, hata kama walisema hawataki kumuua mtu. Moto ukishawashwa hauulizi nani yuko ndani. Bi Fawcett na wenzake, waliokuwa wengi kuliko hao wa nyundo, walilia wakati ule kwamba moto unawaharibia kazi. Mpaka leo wenye kuandika historia wanabishana nani alileta kura, wa nyundo au wa barua. Mimi naona kama barua peke yake ilisahauliwa, na nyundo peke yake iliwapa wakubwa sababu ya kukataa.

Vita vya 1914 vikakatisha yote. Bi Pankhurst alisimamisha kampeni yake, na wafungwa wakafunguliwa. Wanawake wakaingia katika viwanda vya risasi na mabomu ya vita. Mwaka wa 1918 Bunge likawapa kura, lakini tazama walivyoipima: mwanamke mwenye miaka 30 na zaidi, tena mwenye mali au aliyeolewa na mwenye mali. Wanaume walipewa kuanzia miaka 21 bila sharti la mali. Maana yake wasichana wengi waliojaza viwanda vya vita hawakupata kitu. Walingoja miaka 10 mingine, mpaka mwezi wa saba 1928, ndipo mwanamke akawa sawa na mwanaume, miaka 21. Bi Pankhurst mwenyewe alikuwa amekufa majuma machache kabla ya siku ile.

Sasa turudi kwetu.

Mabwana waliotutawala walikuwa Wabeleji, na Wabeleji hawakuwa na haraka hata kwao wenyewe. Mwanamke wa Ubelgiji alipata kura ya Bunge kwa sheria ya mwaka wa 1948 tu, miaka 20 nyuma ya Mwingereza. Ni nani angetegemea watoke huko waje kumpa mwanamke wa Kongo kitu ambacho mke wa bwana mkubwa wa wilaya alikuwa hajakizoea?

Lakini kodi hawakuchelewa. Katika miji ya koloni walileta kodi ya wanawake peke yao. Mwanamke aliyeolewa alihesabiwa chini ya mume wake. Mjane, aliyeachwa, asiyeolewa, huyo aliandikwa katika daftari ya wanawake "wanaohesabiwa kuishi peke yao", na alipaswa kulipa kwa jina lake. Hata mke wa pili wa Mwislamu, kwa kuwa serikali haikuikubali ndoa yake, aliandikwa humo. Na watu wote mjini walijua maana ya daftari ile ni nini. Mwanamke anayeishi peke yake, wakasema wakubwa, anapata pesa wapi kama si kwa umalaya? Basi mama mjane mwenye kuuza samaki na mama mwenye kushona nguo wakapewa karatasi moja na jina moja na malaya.

Usumbura, mji ambao leo ni Bujumbura, ulikuwa katika Ruanda-Urundi, nchi iliyounganishwa na Kongo ya Wabeleji katika utawala tangu mwaka wa 1925. Huko kuna mtaa unaitwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, Waislamu, watu wenye kusema Kiswahili hiki tunachokisoma. Katika miaka ya 1950 wanawake wa Buyenzi walikataa kodi ile. Hawakukataa kwa sababu ya franka tu. Walikataa lile jina. Walisema sisi ni wajane, sisi ni wake wa watu, sisi ni mama za watoto, msituandike katika daftari ya aibu. Kumbukeni walikuwa wanawake, weusi, chini ya utawala wa mkoloni, bila chama, bila gazeti, na wengi wao bila mume wa kusimama mbele yao. Lakini walisimama wenyewe.

Binti yangu, Dora wa London na mama wa Buyenzi walifunga mlango mmoja. Tofauti ni kwamba Dora aliweza kusema "bila kura, hakuna kodi" kwa sababu kwao kura ilikuwepo, ilikuwa mikononi mwa wanaume. Mama wa Buyenzi angesema nini? Wakati ule hata mume wake hakuwa na kura. Alidai kile alichokiona mbele yake: heshima ya jina lake. Kwa hiyo wanaosema wanawake wa huku hawakupigana, wanatafuta neno "kura" katika vitabu, hawalioni, wanafunga kitabu. Watafute neno "kodi".

Na majirani pia ni hivyo. Kule Nairobi, mwezi wa tatu 1922, Harry Thuku alikamatwa kwa kusema juu ya kodi na kazi ya nguvu iliyowachukua hata wasichana. Watu wakakusanyika mbele ya kituo cha polisi. Wanaume walipoanza kurudi nyuma, mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, aliwatia aibu, akawaongoza kwenda mbele, na risasi zikamwua pamoja na wengine.

Kura ilifika Kongo kwa wanaume kwanza. Mwaka wa 1957, Léopoldville, Élisabethville na Jadotville, wanaume wa miaka 25 na zaidi walichagua washauri wa komini zao. Mwezi wa tano 1960 nchi nzima ilichagua Bunge la uhuru. Nchi nzima, ndivyo vitabu vinavyosema, lakini waliosimama katika mistari ile walikuwa wanaume. Mama alibaki nyumbani akichunga watoto ili baba aende akapige kura ya uhuru wa wote wawili.

Tena wanawake hawakuwa wamelala. Mwaka uleule wa 1960, Andrée Blouin, mwanamke aliyezaliwa Oubangui-Chari, alizunguka Kwilu pamoja na chama cha Gizenga, PSA, akiwaandika wanawake kwa maelfu katika chama chao cha kina mama. Vijijini walikuja kumsikiliza, wakafundishana usafi, kusoma, haki zao. Walifanya kampeni, chama kikapata viti vingi, na siku ya kura hakuna hata mmoja wao aliyeruhusiwa kutia karatasi sandukuni. Mimi sijui kazi nyingine ambayo mtu analima shamba lote, halafu siku ya mavuno anaambiwa akae kando.

Sasa chukueni ramani. Mwezi wa tisa 1961, Rwanda na Burundi walichagua Bunge zao, na wanawake walipiga kura, kwa kuwa Umoja wa Mataifa ulikuwa ukiangalia nchi zile. Zanzibar, mwaka wa 1957, walichagua wanaume tu. Mwaka wa 1961 wanawake nao wakaingia. Tanganyika, ambako Bibi Titi Mohamed alikuwa amewaingiza wanawake wengi sana katika TANU tangu 1955, wanawake walikuwa tayari wamepiga kura. Mwanamke wa Gisenyi akapiga kura, na mwanamke wa Goma, anayechota maji ya ziwa lilelile, akamtazama tu. Miaka sita nzima.

Hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo. Mwezi wa kumi 1966 Kongo ilipata waziri mwanamke wa kwanza, Sophie Kanza, msichana aliyekuwa wa kwanza wa nchi hii kumaliza masomo ya chuo kikuu, pale Lovanium, mwaka wa 1964. Akaongoza wizara ya mambo ya jamii. Na haki ya kura kwa wanawake ilikuwa bado haijaandikwa katika sheria kubwa ya nchi! Iliandikwa katika Katiba ya tarehe 24 mwezi wa sita 1967, chini ya Mobutu, aliyeshika nguvu kwa jeshi mwezi wa kumi na moja 1965.

Kwa hiyo kijana yule alikuwa anashika nusu yake: ndiyo, kalamu iliyoandika kura ya mwanamke wa Kongo ilikuwa ya mwanajeshi, na hakuna mwanamke aliyevunja kioo Kinshasa ili iandikwe. Lakini aulize pia sukari ile ilikuwa na ladha gani. Mwaka wa 1970 mwanamke wa Kongo akaenda kumchagua rais. Mgombea mmoja tu. Karatasi mbili: ya kijani maana yake ndiyo, tumaini, nyekundu maana yake hapana, fujo. Na kura haikuwa ya siri, watu wanaona rangi unayoichukua. Hesabu ya serikali ilisema kijani zaidi ya milioni 10, nyekundu 157. Mia moja hamsini na saba, nchi nzima! Mimi huwa ninawafikiria hao 157, kama walikuwepo kweli. Labda mmoja alikuwa mama.

Mwaka wa 1977 na 1984 ilikuwa vilevile, jina moja. Basi mwanamke aliyepewa kura mwaka wa 1967 alingoja mpaka tarehe 30 mwezi wa saba 2006 ndipo akaonyeshwa karatasi ya rais yenye majina mengi: wagombea 33, wanne kati yao wanawake. Kama alikuwa na miaka 21 mwaka ule wa 1967, sasa alikuwa na miaka 60. Na mumewe naye, tusimsahau, alikuwa amengoja pamoja naye. Alipata kura mbele yake, kiisha wote wawili wakawekewa karatasi moja isiyo na kitu cha kuchagua.

Nyumbani nako mambo yalikuwa na mlango mwingine. Sheria ya Jamaa ya mwaka wa 1987 ilisema mke anapaswa kupata ruhusa ya mume wake kwa mambo mengi ya sheria na ya mikataba. Fikirini: anaweza kumchagua rais, lakini kwa mkataba anamwomba papa ruhusa. Sharti hilo la ruhusa liliondolewa mwaka wa 2016. Ninataja mwaka kwa sababu bado kuna wanaume katika machimbo yetu wanaosema "sheria inakataza mwanamke", na wanaosikiliza hawajui kwamba imebadilika. Katiba ya 2006 imeandika usawa katika kifungu cha 14, na mwezi wa nne 2024 nchi ilipata Waziri Mkuu mwanamke wa kwanza, Judith Suminwa. Haya yote ni mazuri. Lakini tuteremke mpaka Masisi.

Tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 2023 Kongo ilipiga kura. Katika teritware ya Masisi, na Rutshuru, haikupigwa, kwa sababu ya vita. Watu wengi wa huko walikuwa katika kambi, Bulengo, Lushagala, pembeni ya Goma, chini ya mahema. Binti mwenye kuniandikia barua, na kijana aliyemcheka, siku ile walikuwa sawasawa kabisa: hakuna kati yao aliyeulizwa kitu.

Na kodi? Wote mnajua. Kwa miaka mingi vikundi vyenye silaha vimewalazimisha watu wazima wa vijiji vingi vya Masisi kununua jetoni ya kila mwezi, na asiye nayo alijua kitakachompata njiani. Kwenye bariera, mama mwenye kubeba maharagi hakuambiwa "wewe mwanamke, pita." Mwenye kubeba mawe ya koltani mgongoni hakuambiwa hivyo. Wale wa daftari ya aibu na hawa wa jetoni wangeelewana bila mkalimani.

Lakini kuna habari nyingine ya kwetu ambayo haijulikani vya kutosha. Mwezi wa kumi na mbili 2018, Beni na Butembo waliambiwa kwamba hawatapiga kura pamoja na wengine, kwa sababu ya Ebola na vita. Tarehe 30, siku ya kura ya nchi, watu wa Beni walitoka asubuhi. Walipanga mistari, wanaume kwa wanawake, wakatengeneza vituo vyao na masanduku yao, wakaandika wamchaguaye na kutia karatasi ndani. Kila mtu alijua karatasi zile hazitahesabiwa Kinshasa. Walipiga kura hata hivyo, kwa utulivu. Yule Emily wa kabatini alitaka ahesabiwe mahali asiporuhusiwa. Ninadhani angesimama katika mistari ile bila kuelezwa kitu.

Binti yangu wa Ngungu, hayo ndiyo ninayoyajua ya kukujibu. Siku mtakapokutana tena nyuma ya mkutano, usimtukane yule kijana. Mwulize tu mama yake mzazi aliandikwa wapi mwaka wa 2023, na yeye mwenyewe wapi.

Na ninyi wengine, wasomaji, nina kazi kwenu. Katika nyumba zenu kuna mama wazee waliokuwa wasichana mwaka wa 1970. Kaeni nao jioni, muwaulize kama walikwenda kupiga kura siku ile, walikwenda pamoja na nani, na nani alikuwa amesimama karibu na meza wakati walipochukua karatasi. Andikeni wanavyosema, kwa maneno yao wenyewe, hata kama ni mistari mitano, na mtume barua kupitia parokia zenu. Jina la mama mzee tutaliweka, kama tulivyoweka la binti wa Ngungu.